Maili ya Mara ya Pili

Binadamu ni kiumbe apendaye kuhesabu. Mtoto huhesabu vidole vyake kabla ya kujua kazi ya vidole. Mkulima huhesabu magunia, mchungaji huhesabu ng'ombe jioni, mfanyabiashara huhesabu fedha, na mzee huhesabu wajukuu. Nyingi katika hesabu hizo zina haja iliyo wazi, kwa kuwa aliyepotelewa na mbuzi mmoja hawezi kujua hasara yake kama hakuwahesabu wote. Lakini ziko hesabu nyingine ambazo mtu hazifanyi kwa kuogopa hasara wala kwa kutafuta faida, ila kwa kutaka kujua amefika wapi katika dunia. Katika insha hii nataka tuitazame hesabu moja ya namna hiyo, kisha tuiulize swali linalotuhusu sote, hata yule ambaye hajapata kushika usukani wa motokaa.

Katika nchi ya Marekani wako watu wanaoweka hesabu ya kila maili ya barabara kuu waliyopata kuipita. Hesabu yao si sawa na ile ya kipimo cha mwendo kilicho mbele ya dereva. Kipimo hicho huongeza kila maili, iwe mpya ama ya zamani. Hesabu ya watu hawa ina sharti moja kubwa: maili moja ya barabara huhesabiwa mara moja tu. Mtu aliyepita leo kipande cha barabara kati ya miji miwili huandika urefu wake katika daftari. Akipita papo hapo kesho, haandiki kitu. Akipita mara elfu, haandiki kitu. Kisha hesabu hugawanywa kwa majimbo 50 ya nchi ile, ili mwenyewe ajue, mathalan, kwamba katika jimbo hili amepita maili 300, katika lile maili 12, na katika jingine bado hajatia gurudumu. Zamani kazi hii ilifanywa kwa kalamu ya rangi juu ya ramani ya karatasi. Siku hizi programu za kompyuta hujumlisha maili, zikachora ramani na kutoa asilimia ya barabara zilizokwisha kupitwa. Wako pia wenzao wanaohesabu wilaya badala ya maili. Chama chao kiitwacho Extra Miler Club kiliundwa mwaka 1973, na shabaha ya wanachama ni kufika katika kila wilaya ya nchi hiyo, nazo ni zaidi ya 3,100.

Ili tuifahamu kazi hii, yafaa tuzijue kidogo barabara zenyewe. Mwaka 1926 Marekani ilikubali mpango wa kuzipa barabara zake kuu namba, badala ya majina mengi yaliyokuwa yakiwachanganya wasafiri. Miaka 30 baadaye, tarehe 29 Juni 1956, Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria iliyotoa fedha za kujenga barabara nyingine zilizo pana zaidi, zisizokatwa na njia panda wala taa za kusimamisha magari. Namba za barabara hizi za pili hutanguliwa na herufi I. Leo zina urefu wa zaidi ya maili 46,000, na maili moja ni kama kilomita 1.6. Namba zenyewe zimepangwa kwa akili. Barabara kubwa zenye namba za witiri huenda kaskazini na kusini, na zenye namba za shufwa huenda mashariki na magharibi. Kwa hiyo I-5 iko karibu na pwani ya magharibi, na I-95 iko karibu na pwani ya mashariki, ikipita katika majimbo 15. Kadhalika I-10 iko kusini, na I-90, ambayo ni ndefu kupita zote, iko kaskazini, ikiunganisha Seattle na Boston kwa zaidi ya maili 3,000. Mtu aliyejifunza utaratibu huo hapotei kwa urahisi, kwa maana namba ya barabara humwambia aelekeako.

Sasa na tuseme neno la kuwatetea wahesabuji, kabla hatujawauliza swali gumu. Watu wengi husafiri kama mizigo. Hupakiwa mahali hapa wakapakuliwa mahali pale, na yaliyo katikati hayawahusu. Mwenye kuhesabu maili hawezi kusafiri hivyo. Yeye hujua ni wapi jimbo moja linapokoma na jingine linapoanza. Hujua mto anaouvuka na jina la mji mdogo ulio kando. Daftari lake humtuma mahali ambapo tamaa ya kawaida isingemtuma. Hebu tutazame barabara namba 66, iliyopewa namba yake mwaka 1926, ambayo ilitoka Chicago ikapita katika majimbo manane hata karibu na bahari ya Pasifiki huko California. Katika miaka ya 1930, wakati wa ukame na vumbi, wakulima wengi maskini walihama kwa njia hiyo wakitafuta kazi magharibi. Katika jimbo la Kansas barabara hiyo ilikuwa na maili 13 tu. Msafiri mwenye haraka hana haja na maili 13 za Kansas. Lakini mhesabuji huziendea, akaiona miji midogo ya Galena, Riverton na Baxter Springs, akapata kujua kuwa ilikuwako. Udadisi ni mlango wa elimu, na hesabu hii ni mojawapo ya funguo zake.

Tena hesabu hii hufunza unyenyekevu. Jimbo la Texas peke yake linatunza barabara zenye urefu wa maili 80,000 hivi. Mtu akipita maili 100 mpya kila siku, bila kupumzika hata siku moja, atahitaji zaidi ya miaka miwili kulimaliza jimbo hilo moja. Katika Alaska mji mkuu, Juneau, haufikiwi kwa barabara itokayo nje; sharti msafiri apande meli ama ndege. Hawaii imezungukwa na bahari, na barabara zake kuu hazikutani na za jimbo lolote jingine. Kwa hiyo kila mhesabuji, hata awe hodari namna gani, atakufa akiwa na ramani yenye mahali palipobaki bila rangi. Si vibaya mtu kuuona ukweli huo umechorwa mbele ya macho yake. Wengi wetu tunajivuna kwa sababu hatujapata kuiona ramani ya tusiyoyajua.

Faida ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, nayo ni kwamba hesabu hii huupima uaminifu. Mwenye kuhesabu hukutana upesi na maswali yasiyojibiwa na ramani. Tuseme alikuwa abiria katika basi la usiku, akalala usingizi mzito tangu mpaka wa jimbo hadi mpaka wa pili. Je, maili zile ni zake? Tuseme barabara ilifungwa kwa matengenezo, akapitishwa kando. Je, aandike kipande ambacho hakukipita? Tuseme zilibaki maili mbili kufika mwisho wa barabara, dhoruba ikamrudisha. Kuzitia rangi maili mbili juu ya karatasi ni kazi ya nukta chache. Hakuna askari atakayemkamata, hakuna mwalimu atakayesahihisha, wala hakuna zawadi atakayonyang'anywa. Mwizi wa mali ya watu humwogopa mwenye mali. Mwizi wa maili atamwogopa nani? Hapo ndipo mtu husimama peke yake na nafsi yake. Akidanganya, amejiibia mwenyewe, maana daftari lake halina thamani nyingine yoyote ila ukweli. Na aliyezoea kusema kweli mahali ambapo uongo haumdhuru mtu, hatashindwa kuisema mahali ambapo uongo unadhuru.

Hayo ni mazuri, nami nayakubali. Walakini sifa ya kitu isituzuie kukiuliza kitu hicho swali. Swali la kwanza ni hili: maili zote ni sawa katika daftari, je, ni sawa katika dunia?

Katika safari kati ya Nashville na Chattanooga, miji miwili ya jimbo la Tennessee, barabara ya I-24 hutoka nje ya jimbo hilo kidogo, ikaingia Georgia kwa maili nne hivi, kisha ikarudi Tennessee. Aliyepita hapo amepita Georgia. Mpaka ameuvuka, na maili nne anaziandika kwa haki. Lakini akiulizwa habari za Georgia atasema nini? Ameona lami, miti na migongo ya malori. Daftari linasema kweli, nalo halisemi kitu. Hapo twajifunza kuwa neno laweza kuwa la kweli na bado likawa tupu.

Kuna mfano mwingine ulio mzito zaidi. Katika mji wa Detroit iko barabara fupi iitwayo I-375, yenye urefu wa maili moja hivi. Mhesabuji huimaliza kwa muda wa dakika moja ama mbili, akaandika maili moja katika safu ya jimbo la Michigan. Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 1964. Kabla yake palikuwa na mtaa wa Hastings, katika sehemu za mji zilizoitwa Black Bottom na Paradise Valley, walipokaa Wamarekani weusi. Palikuwa na maduka yao, makanisa yao, waganga wao na nyumba zao za muziki. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sehemu hizo zilibomolewa kwa mipango ya kuujenga mji upya na kwa ujenzi wa barabara, na wakazi wake wakatawanyika. Katika daftari maili hiyo ni 1, sawasawa na maili iliyopita katikati ya shamba la mahindi ambako hakuna mtu aliyehamishwa. Namba moja ni ile ile, lakini yaliyo chini ya lami si yale yale.

Wala mwendo wenyewe haukuwa sawa kwa watu wote. Kuanzia mwaka 1936 mchukuzi mmoja wa barua huko Harlem, New York, aliyeitwa Victor Hugo Green, alichapisha kitabu cha kuwaongoza wasafiri weusi. Kitabu hicho kilitaja hoteli, nyumba za chakula na vituo vya petroli ambako wangepokewa bila kutukanwa wala kufukuzwa. Kiliendelea kutoka hata katikati ya miaka ya 1960, wakati sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi katika mahali pa namna hiyo. Fikirini watu wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, waliopita barabara moja katika mwaka 1950. Wa kwanza alisimama alipochoka. Wa pili alibeba chakula na mafuta ya akiba, akatazama saa na jua kwa hofu, asije akakutwa na usiku katika mji usiomtaka. Madaftari yao yangeandika idadi moja. Ni nani atakayesema kuwa walisafiri safari moja?

Basi hesabu ya maili hupima umbali, haipimi gharama. Jambo hili si kosa la hesabu. Mizani ya sukari haipimi utamu, wala hatuilaumu. Kosa ni la mtu anayeisoma mizani kisha akadhani amekwisha kuonja.

Sasa nalifikia swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sharti la hesabu hii, kama tulivyoona, ni kwamba maili hupata thamani mara ya kwanza tu. Mara ya pili ni sifuri. Je, maisha nayo ni hivyo?

Tumfikirie muuguzi anayekaa maili 20 kutoka katika hospitali anayofanyia kazi. Huenda asubuhi na kurudi jioni, maili 40 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi katika mwaka, huwa amekwenda maili 10,000. Akifanya kazi miaka 30, huwa amekwenda maili 300,000. Umbali wa kutoka duniani hadi mwezini ni kama maili 239,000; kwa hiyo mama huyu amekwenda mbali kupita mwezi. Lakini daftari la maili zisizorudiwa litamwandikia maili 20. Kijana aliyepita barabara ile mara moja, Jumapili moja, akisikiliza redio, ataandikiwa maili 20 vilevile. Daftari limewafanya ndugu sawa.

Hata hivyo nani kati yao anaijua barabara? Muuguzi anajua ni kona gani theluji huganda kwanza. Anajua bondeni ukungu hukaa hata saa ngapi, na kulungu huvuka wapi jioni. Anajua nyumba ambayo taa yake huwaka alfajiri, na siku isipowaka moyo wake hushtuka. Wako Wakenya waliohamia Marekani ambao hupata riziki kwa kuendesha malori katika barabara hizi. Dereva wa namna hiyo huweza kupita njia ile ile wiki baada ya wiki. Kila safari humletea mshahara, na mshahara hulisha watoto, na pengine hulipa karo ya mdogo wake aliyebaki nyumbani. Hakuna hata moja katika safari hizo, isipokuwa ile ya kwanza, inayoongeza kitu katika hesabu tuliyoieleza. Hesabu inayoiona safari ya matembezi na kutoiona safari ya riziki ni hesabu yenye jicho moja.

Wazee wetu walikuwa na hesabu ya namna nyingine. Walisema: kutenda kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa. Tulifikiri neno hili. Katika maovu wazee waliisamehe mara ya kwanza, wakaiandika mara ya pili. Walijua kuwa mara ya kwanza yaweza kuwa ajali, ujinga ama kishawishi cha siku moja, lakini mara ya pili huonyesha mtu mwenyewe. Ikiwa ndivyo yalivyo maovu, kwa nini yasiwe hivyo mema? Aliyemsaidia maskini mara moja huenda alikuwa na furaha siku hiyo, ama alikuwa akitazamwa. Aliyemsaidia mara ya pili, na ya kumi, baada ya furaha kupoa na watazamaji kwenda zao, huyo ndiye twaweza kumwita mwema. Rafiki hajulikani siku ya kwanza ya urafiki. Mke na mume hawajulikani siku ya arusi. Mara ya kwanza hutupa habari, na mara ya pili hutupa tabia.

Msomaji mwenye akili atanipinga hapa, nami nafurahi kupingwa. Atasema: Je, ngamia wa kinu cha mafuta? Huzunguka mahali pamoja tangu asubuhi hata jioni, akiwa amefungwa macho. Amerudia njia yake mara nyingi kuliko muuguzi na dereva wa lori. Ameijua nini? Tena atasema kuwa wengi husifu marudio kwa sababu ya uvivu wa kujifunza mapya, na kwamba pasipo mara ya kwanza hapana mara ya pili. Haya ni maneno ya kweli. Mtu aliyekaa kijijini maisha yake yote hakuwa na hekima kwa kukaa tu, kama vile aliyezunguka majimbo 50 hakuwa na hekima kwa kuzunguka tu. Wahenga walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Wakasema tena mtembezi hula miguu yake. Maneno hayo mawili hayagombani. La kwanza ni kwa aliyefungua macho, na la pili ni kwa aliyeyafumba.

Kwa hiyo sisemi kwamba jipya ni baya na la zamani ni jema. Nasema kuwa kuona jipya ni rahisi, kwa kuwa ugeni wenyewe hutufumbua macho kwa nguvu. Kuona upya jambo la zamani ni kazi, kwa kuwa hapo sharti mtu ajifumbue macho mwenyewe. Na jambo lililo kazi ndilo linalotaka kufundishwa.

Mimi nimelijua jambo hili darasani. Kazi ya mwalimu ni kupita njia moja kila mwaka. Wanafunzi hubadilika, somo halibadiliki. Mwaka wa kwanza nilipofundisha ngeli za majina nilikesha nikitayarisha somo, na kila mfano ulikuwa mtamu kinywani mwangu. Mwaka wa tatu nililiona somo limekufa. Nilisimama nikasema kama kasuku kwamba kifaru na kiboko, ijapokuwa yana mwanzo wa ki-, hufuata upatanisho wa mtu: kifaru amelala, kiboko amezama. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini. Nikajibu kuwa ndiyo kanuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi, mwalimu, sarufi yetu hutazama uhai wa kitu kabla ya kutazama mwanzo wa jina lake." Niliona haya. Nilikuwa nimeipita njia ile mara tatu, na yeye aliipita mara ya kwanza, lakini yeye ndiye aliyeona. Sikumaliza saa ile kama nilivyoianza. Tangu siku hiyo sijapata kulifundisha somo hilo bila kuitafuta ndani yake maili ambayo sikuiona mwaka uliotangulia, na mara nyingi huiona.

Hapa wahesabuji wa maili na watu wa njia moja waweza kupatana. Mhesabuji amfundishe mwenzake udadisi wa siku ya kwanza, na mwenzake amfundishe yeye subira ya siku ya elfu. Daftari liwe mtumishi wa kumkumbusha mtu alikopita. Lisiwe hakimu wa kumwambia thamani yake, wala fimbo ya kuwapigia wasiopata nafasi ya kusafiri. Maana wengi duniani hawana motokaa wala nauli, na Mungu hakuwanyima hekima kwa sababu hiyo.

Nanyi vijana mnaosoma kurasa hizi mnayo madaftari yenu, hata kama hamjaandika maili. Mmoja hujivunia idadi ya vitabu alivyomaliza. Mwingine hujivunia marafiki wengi, miji aliyofika, ama mitihani aliyoshinda. Hesabuni, si vibaya, na mkihesabu semeni kweli. Kitabu mlichokiruka katikati msikiandike. Lakini baada ya kuhesabu, kila mmoja ajiulize: ni kitabu gani nilichokirudia hata kikabadili mawazo yangu? Ni rafiki gani niliyemrudia alipokuwa mgonjwa? Ni kazi gani ya nyumbani niifanyayo vizuri, ijapokuwa nimekwisha kuifanya mara mia na hakuna anayenisifu tena? Majibu ya maswali hayo hayajazi ukurasa mkubwa, lakini ndiyo yatakayosimama.

Barabara namba 66 iliondolewa katika orodha ya barabara kuu za Marekani mwaka 1985, kwa kuwa barabara mpya zilikuwa zimechukua nafasi yake. Namba ilifutwa, lakini njia haikufutwa yote. Vipande vyake vingi bado vinapitika, vimewekewa vibao vya ukumbusho, na watu wanaokaa kando yake huvitumia kila siku kwenda dukani na kurudi nyumbani. Hesabu iliisha, na mwendo ukaendelea. Ndivyo ilivyo kwa kila jema litendwalo na mwanadamu. Mara ya kwanza huandikwa na watu. Zilizobaki huandikwa katika maisha ya waliotendewa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba ya pili haina sifa ya kuanza wala ya kumaliza. Lakini ikikosekana, kibaba hakijai.